Koma Isiyokuwemo Kwenye Kadi za Penitito

Jumatatu saa tatu asubuhi Salaevalu alifika kwenye duka la kuchapa la Setefano, jirani na soko la Fugalei, kuagiza kadi themanini za kuwashukuru waliomsaidia kumzika mumewe, Penitito. Alichagua zile herufi za madaha, zenye mikia mirefu, ambazo Apia nzima huolewa na kuzikwa nazo.

Herufi hizo zilitoka ng'ambo na hazina koma yetu ya juu, ile inayokata sauti katikati ya neno. Kwa Kisamoa, lo'u ni "wangu". Toa koma, inabaki lou, "wako". Setefano alijua. Angeweza kuichomeka koma ya fonti nyingine, lakini ingekaa pale kama inzi juu ya keki. Tena, nani asiyeiacha? Sote huiacha, na sote husoma sawa. Kadi zikatoka zikisema: Mume wako mpendwa, Penitito.

Penitito alisoma ilivyoandikwa. Siku ya tatu akaanza kuzunguka nyumba zilizopata kadi, moja baada ya nyingine, na suti yake ya kuzikiwa. Kwa mwalimu mstaafu wa Vaimoso alitengeneza bawaba ya mlango. Kwa mchungaji alikula magimbi. Wake walimtandikia mkeka, waume zao wakasogea.

"Umenenepa, Penitito," mke wa mchungaji alimtania.

"Mnanilisha, mama, nifanyeje?"

Kwa Salaevalu hakufika. Mtu hajipelekei kadi mwenyewe.

Salaevalu alirudi dukani macho yamemvimba. "Setefano, mwanangu, mume wangu yuko kwa kila mtu ila kwangu. Miaka thelathini na moja! Nichapie moja yangu, na hiyo koma uitie."

"Itaharibu mstari, mama."

"Na uharibike! Kwani nalala na mstari mimi?"

Setefano aliona haya. Aliitia koma kwa kalamu, ikakaa kombo, naye akajuta kwamba kazi ndogo hivyo ilimshinda mara themanini.

Alasiri Penitito alikuwa ameketi mkekani. Salaevalu alimmiminia kakao.

"Umerudi nyumbani?"

"Kadi yako inasema mimi ni wako. Nimekuja."

"Na wewe mwenyewe wasemaje?"

Akaipuliza kakao. "Mimi nakwenda nilikoandikwa tu."

Salaevalu alimwamini, akamwongezea kikombe. Tangu hapo huja kila alasiri, hunywa, hushukuru, huondoka.

Ijumaa moja Setefano alipita Vaitele na kumwona Penitito nyuma ya nyumba ya Makerita, mshonaji. Koti la suti kalitundika kwenye kamba ya nguo, anakuna nazi, anacheka hadi machozi. Makerita alikuwa akimsimanga kwamba amekuna hadi kifuu. Setefano alipunga mkono, naye akapungiwa. Alirudi dukani akaisoma orodha ya kadi mara mbili. Jina la Makerita halikuwemo.

Kesho yake Salaevalu alimletea Setefano kikapu cha magimbi, shukrani kwa ile koma. Setefano alikipokea.