Sekunde Arobaini na Moja

Barua ya kukataliwa ilikuwa na kurasa mbili. Mwanamke aliyeipokea aliisoma akiwa amesimama katikati ya matoroli ya mashuka machafu, katika chumba cha kufulia cha hospitali alimokuwa akifanya kazi kwa mwaka wa nne sasa, ugenini. Ukurasa wa kwanza ulimweleza kwamba maombi ya viza ya mume wake hayakukubaliwa. Wa pili ulimweleza sababu. Kumbukumbu za simu alizowasilisha zilionyesha miito elfu moja mia nane na sita baina ya wanandoa hao, na karibu yote ilikuwa na urefu wa sekunde sifuri. Tena, katika usaili, mume alipoulizwa jina kamili la mke wake alikaa kimya kwa sekunde arobaini na moja, halafu akajibu, "Mwenzangu." Ofisa hakuridhika kwamba hiyo ilikuwa ndoa ya kweli.

Akaikunja barua mara nne, kama akunjavyo foronya, akaitia katika mfuko wa aproni.

"Imekuja?" aliuliza Dada Mkubwa, aliyekuwa upande wa pili wa meza. Kukunja mashuka kulitaka watu wawili, na kwa miaka minne wawili hao walikuwa wakisogeleana na kuachana juu ya vitambaa vyeupe tangu asubuhi hadi saa ya kutoka.

"Imekuja."

"Na uso huo ndio jibu?"

"Ndio jibu, dada."

"Wamesemaje?"

"Kwamba hatuongei."

Dada Mkubwa aliliweka shuka mezani. Si mwingine bali yeye aliyekuwa akimtania kila simu ilipolia mara mbili tatu na kunyamaza. "Shemeji yangu huyo mkono wa birika kweli kweli. Miaka minne anabipu tu, kama mwanafunzi aliyeishiwa."

Haukuwa ubahili. Mume alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, mwenye mikono isiyokosea, na kigugumizi alichozaliwa nacho. Shule aliiacha darasa la tatu, kwa kuwa kila aliposimama kusoma kwa sauti darasa zima lilivunjika mbavu. Kuandika nako kukapotea njiani. Akiwa uso kwa uso na mkewe, maneno yalimjia taratibu, yakisaidiwa na macho na vidole. Kwenye simu, ambako macho na vidole havina kazi, neno lilimkwama kooni likamtoa jasho. Kwa hiyo, siku mke aliyosafiri, walipatana. Mlio mmoja: nimeamka salama. Miwili: nimefika kazini. Mitatu: nipo, nakuwaza. Asipokee mtu. Mambo marefu yalipitia kwa wifi yake, dada wa mume, ambaye kwa kuongea hakuwa na mpinzani.

Na jina lake mke lilianza kwa herufi iliyomshinda mume kuliko zote. Tangu siku ya uchumba alimwita Mwenzangu, na neno hilo halikumkwama hata mara moja. Mtaa mzima ukalizoea. Hata mama mkwe alipomtaka alituma watu wakamwite "Mwenzangu wa mwanangu."

Mshauri wa ofisi ya kuwasaidia wahamiaji alikuwa kijana mpole mwenye tai iliyolegea. Aliisoma barua, kisha akaifungua fomu ya zamani na kuweka kidole kwenye swali la kumi na saba: je, mwombaji ana hali yoyote ya kiafya au ya mawasiliano inayohitaji msaada wakati wa usaili?

"Hapa uliandika hapana."

"Ndiyo."

"Kwa nini, dada yangu? Si umeniambia sasa hivi kwamba ana kigugumizi?"

Alitaka kujibu kwa haki. Hakuwa amedanganya. Hakuwa ameona haya. Alikuwa amelisoma swali na kuandika jibu bila kuinua kalamu, kwa sababu katika miaka tisa ya ndoa hakuwahi kumhesabu mume wake kuwa mtu mwenye hali yoyote. Alikuwa mrefu, alipenda chai isiyo na sukari, alisema polepole.

"Sikukumbuka," alisema hatimaye.

"Basi linarekebishika. Fomu mpya. Swali hili unaandika ndiyo, unaeleza hali yake kwa maneno yako mwenyewe, unaambatanisha cheti cha daktari. Watampa muda wa kutosha, na mtu wa kukaa naye. Usikate tamaa."

Alitoka pale akiwa mwepesi. Siku hiyohiyo alimpigia wifi yake, na kabla ya Ijumaa wifi akarudisha majibu.

"Nimempeleka, wifi. Amegoma siku mbili, nikamwambia kaka, unamtaka mkeo au humtaki? Akavaa viatu."

"Na cheti?"

"Tumepata." Wifi akasita, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Ila daktari alimsomesha ukurasa mzima kwa sauti, na wanafunzi wake wawili wamekaa pale. Kila kaka alipokwama, daktari anatia alama kwa kalamu. Alama sitini na kitu. Mmoja wa wale wanafunzi akainamisha kichwa, mabega yanatikisika. Kaka hajanisemesha tangu tutoke."

Kesho yake hapakuwa na mlio. Wala keshokutwa yake. Simu ilikaa ndani ya aproni kama jiwe. Aliijaza fomu mpya kwa wino mweusi. Kwenye swali la kumi na saba aliandika *ndiyo*, na chini yake mistari minne aliyoifuta na kuiandika upya mara nyingi, kwa kuwa kila namna aliyomweleza, mtu aliyejitokeza kwenye karatasi hakuwa mume wake. Akaifungia kabatini mwake, kazini, aipeleke Jumanne.

Jumanne, saa ya chai, simu ililia. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Alitabasamu, akasubiri inyamaze. Ikalia mara ya nne, na ya tano.

Akapokea.

Mume alilitamka jina lake. Lote, majina yake matatu, moja baada ya jingine, bila kukwama hata kidogo. Kwa miaka tisa hakuwahi kulisikia katika sauti ile. Lilisikika kama linaitwa dirishani na karani.

"Ume-umeipeleka fomu?"

"Naipeleka leo nikitoka."

"U-usiipeleke."

"Kwa nini? Safari hii watakupa muda, mshauri amesema—"

"Nisikilize." Alipumua. "Kwa wa-watu wote mimi ni kigugumizi. Kwako tu si-sikuwa. Ulipoandika hapana, wi-wifi yako alipiga kelele, a-akasema umetuharibia. Mimi ni-nilifurahi."

"Kwangu bado ni hapana. Hiyo nyingine ni karatasi tu, mume wangu."

"Umeandika ni-nini humo? Nisomee."

Hakuweza kumsomea.

"Unaona," alisema mume, bila hasira.

"Basi narudi mimi. Naacha kazi, narudi."

"Uje u-ukae na nani? Na yule wa kwenye cheti?" Kwa mbali ilisikika mashine ya kusagia chuma, ikanyamaza. "Wiki nzima ni-nimekaa gereji, nimevaa barakoa ya kuchomelea, nalitamka jina lako. Ni-nilitaka nikuite mara moja, kama watu wanavyoita wake zao. Nimeweza. Sasa u-usinisubiri tena, M—"

Neno likakwama.

Lilikuwa neno ambalo halikuwahi kumkwama. Alimsikia akilisukuma, akilirudia, midomo ikigongana bila sauti. Akataka kumsaidia, kulimalizia, lakini alijua tangu uchumba kwamba hilo ndilo jambo asilopaswa kumtendea. Akangoja. Bila kutaka, akajikuta anahesabu. Alifika arobaini na moja, akapita. Simu ikakatika.

Kwenye kioo palibaki urefu wa mazungumzo: dakika sita na sekunde tisa. Hawakuwahi kuwa na simu ndefu kama hiyo.

Alimpigia, akakata mwenyewe baada ya mlio wa tatu. Akakaa akikitazama kioo hadi kikazimika chenyewe. Kengele ya kumaliza chai ilipolia, Dada Mkubwa alikuwa tayari mezani, ameshika pembe mbili za shuka, nyingine mbili zikining'inia.

"Njoo, mdogo wangu," alisema taratibu. "Shika huko."

Akaenda akashika.