Tulipoingoja Ndege

Waiswa alikuwa ameshawasha gari. Milango ya nyuma ilikuwa wazi, Matiya amelazwa kwenye machela chini ya turubai, nami nimesimama katikati yao, mkono mmoja umeinua mfuko wa dripu, mwingine umeshika redio.

"Sista, twende," Waiswa akasema. "Barabara mimi najua. Twende sasa hivi."

Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini asubuhi, Juni ya mwaka 2008, kambini kwetu, kando ya barabara itokayo Juba kwenda Nimule, mpakani mwa Uganda. Dakika ishirini na tano zilikuwa zimepita tangu bomu limrushe Matiya.

Nikamwambia azime gari.

Nilikuwa muuguzi wa kikosi cha wategua mabomu. Nilitoka Kitale nikiwa na cheti cha huduma za dharura na sanduku moja la nguo, na kwa miezi kumi na mmoja kazi yangu ilikuwa kukaa na kungoja jambo ambalo sote tuliomba lisitokee. Nilitibu malaria, vidole vilivyochubuka, macho yaliyoingia vumbi. Wenzangu ndio waliofanya kazi. Walipiga magoti tangu jua linapochomoza, wamevaa fulana zile nzito na vioo vya uso, wakiichokoa ardhi shibiri kwa shibiri ili malori ya Uganda yafikishe unga na nyanya Juba bila kulipuka njiani. Vita vilikuwa vimekwisha miaka mitatu nyuma. Mabomu hayakuwa na habari hiyo.

Matiya alikuwa mtaratibu kuliko wote. Alikulia ukimbizini Adjumani, huko Uganda, na amani ilipotiwa sahihi alirudi na mke, Josline, fundi wa cherehani. Walikuwa wakijijengea nyumba ya vyumba viwili huko Gudele, pembezoni mwa Juba. Chumba kimoja kilikuwa na mabati, cha pili kilitazama mbingu. Kila Jumatatu aliniletea karanga ambazo Josline alikuwa amezikaanga, zimefungwa kwenye kipande cha kitambaa kilichobaki chini ya cherehani. Vitambaa hivyo nilivifua na kuviweka. Sijui kwa nini.

Mlipuko wenyewe haukuwa na kishindo nilichokitarajia. Ulisikika kama mlango mzito uliobamizwa, kisha vumbi, kisha Malual, kiongozi wetu, akipaza sauti kwamba mtu asiondoke alipo. Matiya walimtoa kwa kufuata njia iliyokwisha safishwa, hatua kwa hatua, na hakuna aliyekimbia, kwa maana hapo kukimbia ni kufa. Mguu wa kulia ulikuwa umekatika chini ya goti. Nilifunga mkanda wa kubana damu, nikaukaza, na damu ikakoma. Mikono yangu ilifanya kazi vizuri; hilo nitalisema bila aibu. Halafu nikapasua shati lake, nikaona chini ya mbavu kitundu kidogo kama punje ya hindi. Hakikutoa damu kwa nje. Ndicho kilichoniogopesha.

Utaratibu wetu ulikuwa umeandikwa. Majeruhi anayevuja damu ndani apelekwe kwa helikopta. Kutoka pale hadi Juba ni kilomita tisini. Kwa gari ni saa tatu za mashimo, kila shimo likimtikisa tumboni. Kwa ndege ni dakika ishirini na tano. Kwenye karatasi, nani angechagua gari?

"Ndege inaondoka baada ya dakika ishirini," akasema Alfayo, mtu wetu wa redio kule Juba. Nikapiga hesabu haraka: kabla ya saa tano Matiya atakuwa mbele ya daktari wa upasuaji.

Matiya alikuwa akinitazama. "Sista," akasema, "tia mimi kwa gari."

"Vumilia kidogo. Ndege inakuja. Gari litakuumiza."

"Gari iko hapa," akasema. "Ndege iko wapi?"

Nilimfuta jasho, nikamwambia iko karibu.

Mvua ilikuwa imeushika uwanja wa ndege wa Juba. Kwetu anga lilikuwa kavu, buluu tupu, hata wingu la kumpa mtu fununu hapakuwa. Rubani alingoja mvua ipungue. Mvua ilipopungua akangoja kibali cha kuruka. Kila nilipoita, Alfayo alinipa dakika kumi. Laiti angeniambia saa mbili, ningeondoka pale pale. Lakini nani ataondoka ikiwa zimebaki dakika kumi tu? Zikaisha, akanipa kumi nyingine, nazo nikazipokea. Hakunidanganya. Aliambiwa, naye akaniambia.

Waiswa aliketi chini, mgongo kwenye gurudumu la mbele, funguo mkononi. Alikuja mara mbili kuniuliza, na mara mbili nikamjibu kwa ukali asioustahili. Nikamgeukia Malual, ambaye alikuwa mwanajeshi miaka kumi na minane, nikitumaini atatoa amri. "Wewe ndiye daktari," akaniambia. Sikuwa daktari. Nilipolibonyeza tumbo la Matiya mara ya tatu, lilikuwa gumu kama ubao.

Saa tano na nusu nikasema twende.

Waiswa aliendesha kama aliyebeba mayai. Tulikuwa tumekwenda dakika ishirini tulipoisikia. Ilipita juu yetu, nyeupe, ikielekea kambini tulikotoka. Nikashika redio nikipiga kelele itue, itue hapa hapa, ingawa jibu nililijua. Pande zote mbili za barabara vilisimama vijiti vyekundu vya hatari, na mahali pekee palipokuwa salama kwa ndege kutua ni kambini, kwenye kiwanja ambacho Matiya na wenzake walikuwa wamekisafisha. Waiswa aligeuza gari. Aliligeuza kwa kusogea mbele na nyuma mara saba, magurudumu yasiguse majani.

Matiya alikuwa hajawahi kupanda ndege. Ilipoinuka nasi alishika pindo la shati langu kwa nguvu ambayo sikudhani bado anayo. Alitaja jina la Josline, kisha akasema maneno kadhaa kwa Kikuku, lugha ya kwao, lugha nisiyoijua. Niliinama hadi sikio langu likagusa midomo yake. Mpaka leo sijui alisema nini. Tulipouona mto wa Juba chini yetu, nilikuwa nimeshaacha kumkandamiza kifua.

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu mwema. Alinawa mikono yake polepole, ingawa haikuwa imeshika chochote. "Mngefika mapema kidogo, labda," akasema. "Au labda barabara ingemmaliza. Hakuna anayejua."

Waiswa alifika hospitali saa tisa kasoro dakika tano na gari tupu. Alikuwa ameondoka kambini ndege ilipopaa, saa sita na robo. Nilitazama saa ya ukutani, na hesabu ikajifanya yenyewe kichwani: saa mbili na dakika arobaini. Kama tungeondoka aliponiambia twende, tungefika dakika ishirini kabla ya ile ndege. Aliona macho yangu yakitoka kwenye saa.

"Gari ilikuwa bila mtu, sista," akasema. "Na mtu ndani, mimi hapana weza kukimbia hivyo. Maalesh, pole."

Ripoti iliandika kwamba utaratibu ulifuatwa. Nikatia sahihi.

Sasa nafundisha wauguzi huku kwetu. Sizichukii helikopta, zimeokoa watu, nami nimewapokea baadhi yao kwa mikono yangu. Vijana hupenda kuniuliza ipi bora, ndege au gari, nami huwapa takwimu, hupima umbali, huchora ramani. Habari za Matiya sijawahi kuwaambia.

Siku ya pili baada ya kifo chake nilikwenda Gudele. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka ndani ya kile chumba kisicho na mabati. Josline alikuwa katikati yao, kichwa wazi, tumbo la miezi sita ambalo Matiya hakunitajia. Njiani nilikuwa nimepanga maneno: jeraha lilikuwa kubwa, tulifanya kila tuliloweza. Yote yalikuwa kweli.

"Yeye alisema nini?" akaniuliza.

"Alikutaja. Na mengine kwa Kikuku, sikuyaelewa." Ningeweza kuishia hapo. "Kabla ya hayo alisema tumtie kwa gari. Mimi nikakataa. Nilingoja ndege. Tulingoja karibu saa mbili."

Josline alinitazama, na machoni mwake sikuona msamaha wala hukumu, uchovu tu.

"Ulikuwa naye mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Aliinamisha kichwa, akajifuta uso kwa ncha ya leso. Kisha akamgusa bega mwanamke aliyekuwa kando yake, naye akakunja miguu, ikapatikana nafasi kwenye mkeka.

"Kaa, sista," Josline akasema. "Umesimama tangu uingie."

Nikavua viatu, nikakaa.