Kitambaa Chekundu Kwenye Kona ya Songambele

Fidele alipoukabili mlima wa mwisho kuingia Songambele, hapakuwa na pikipiki mbele yake. Aliyoiendesha ilikuwa ya kukodi; mpya aliwekewa mshindi wa mbio hizo, nayo ilingoja penye utepe, ingali imefungwa nailoni.

Kwenye kona alisimama Telesfori, mwenyekiti wa kijiwe chao cha bodaboda, akipunga kitambaa chekundu. Maana yake Fidele aliijua tangu asubuhi.

"Elick ana alama nyingi za mbio zilizopita," mwenyekiti alikuwa amewaambia. "Akishinda leo, kijiwe kinakwenda mkoani. Ukimtangulia, Fidele, nami nikapunga, umpishe."

"Na nisipompisha, mzee?"

"Utarudisha reflekta, ukatafute kijiwe huko walikotoka babu zako."

Wenzake walicheka. Elick hakucheka.

Sasa Elick alikuwa nyuma yake, na nyuma ya Elick alivuma Manirakiza wa kijiwe cha Bugomora. Fidele, ambaye riziki yake yote ilitoka katika kijiwe kile, akalegeza mkono, akasogea ukingoni. Elick akaja ubavuni mwake, wala asipite.

"Pita!" Fidele akapaza sauti.

"Nipite wapi? Tumegawana kahawa, wewe!"

Ilikuwa kweli. Walipofanyana ndugu kwa desturi ya Wanyambo, walipasua tunda moja la kahawa, kila mmoja akatafuna punje yake, wakaapa kutodhulumiana.

"Mwenyekiti ameamuru!"

"Mwenyekiti si Mungu, atiiwe hata katika dhuluma. Vuta mafuta, mpumbavu, Bugomora huyo!"

Muungurumo ulikuwa umewafikia mgongoni. Fidele akakitazama kitambaa, akamtazama nduguye. Kisha akavuta mafuta mpaka mwisho. Yeye akaukata utepe, Manirakiza akafuata, na wa tatu akaja Elick, meno yote vumbi.

Telesfori akaupanda mlima akihema.

"Vua."

Fidele akaivua reflekta, akaikunja, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Nawe Elick, nini kilikupunguza mwendo?"

"Adabu, mzee."

Watu wakaangua kicheko, ila Telesfori. Mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani akajipenyeza mpaka kwa mshindi.

"Kijana, nipeleke Nyaishozi."

"Shikamoo, mama. Sina kijiwe tena."

"Marahaba. Kwani mimi napanda kijiwe? Chana nailoni hiyo, ndizi zisije zikaiva."

Fidele akaichana.