Majina ya Kileleni

Zirmeck ni mlima wa kuonewa huruma. Wageni hupanda milima mikubwa iliyouzunguka na kupiga picha kila kitu isipokuwa Zirmeck. Lakini nao una msalaba kileleni, kama milima yenye heshima zake, na sheria ya huko juu ni ileile: ukishaugusa msalaba, mambo ya Bwana na Bibi yamekwisha. Hata askofu huitwa kwa jina alilobatizwa.

Kwa ajili ya sheria hiyo, Kassian Plattner, fundi saa mstaafu aliyefiwa na mkewe, alipanda kila Jumapili. Kijijini Unterkar alikuwa Bwana Plattner kwa kila mtu, na yamkini hata kwa paka wake. Kileleni alimkuta Notburga Oberhofer, mjane wa kijiji cha upande wa pili, ambaye alimkatia kipande cha nyama ya moshi na kumwambia, "Kula, Kassian, umekonda kama ufito." Basi. Neno hilo lilimtosha wiki nzima.

Jumanne moja Kassian alikuwa kwa mwoka mikate wa Unterkar, mara Notburga akaingia. Ulimi ukamponyoka.

"Notburga!"

Vichwa vyote dukani vikageuka.

"Ala, Bwana Plattner!" akasema mwoka mikate. "Mwili umeshuka, ulimi umeuacha msalabani?"

"Harusi lini, jamani? Msitufiche!" akadakia mwanamke aliyekuwa akichagua maandazi. Wakaangua kicheko.

Notburga akawa mwekundu hadi shingoni. "Habari za asubuhi, Bwana Plattner," akasema, akatoka bila mkate.

Jumapili Kassian alipanda mbio mbio. Alitaka kitu kimoja tu: aitwe Kassian. Notburga alikuwa amekaa mahali pake, nyama ameshaikata. Kassian akaushika msalaba kwa mikono miwili, asije akasingiziwa.

"Notburga, nisamehe."

"Yamepita," akasema, macho bondeni. "Ila nilikuwa na mahali pamoja tu ambapo sisemwi. Sasa na huku maneno yao yamefika." Akamsogezea kipande. "Karibu, Bwana Plattner."

Wakala, katikati yao pengo la kumtosha mtu wa tatu. Nyama ilikuwa tamu kama siku zote, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Asante, Bibi Oberhofer," akasema hatimaye.

Kisha kila mmoja akateremka upande wake.