Plagi za Mke Mwenza

Simu ya baba ilimkuta Spana akiwa chini ya lori, na fundi aliye chini ya lori hapendi simu. Aliipokea kwa kidole kimoja, vingine vikiwa vimejaa grisi.

“Halijawaka,” baba alisema.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Halijawaka. Njoo leo, mwanangu, jua lisituchwee.”

Jina la Spana alipewa na huyo huyo baba, siku alipokutwa, kutembea hajajua, akitafuna spana kama muwa. Binti akakua, akawa fundi kweli, akafungua gereji yake upande wa pili wa mji. Nyumbani kwao alifika gari linapoharibika tu. Hilo hakupenda kulifikiria, basi hakulifikiria, kama tunavyofanya sote.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, la rangi ya maziwa, na mama ndiye aliyeliita Mke Mwenza. Enzi zile baba akirudi kazini, alilifuta vumbi kwanza ndipo aingie ndani. Mama alikuwa akisimama mlangoni, mikono kiunoni: “Ukimaliza kumbembeleza huyo mwenzangu, na mimi nipo.” Watoto walicheka mpaka mbavu ziwaume.

Sasa baba alikuwa na mtoto wa jicho, na alishakubali mbele ya wanawe kwamba hatashika usukani tena. Kaka yake Spana alishampata mtu wa kulichukua gari. Na Spana mwenyewe, alipokuja mara ya mwisho kusafisha plagi za injini, alitoa onyo: “Zikiziba tena, baba, tunaagana nalo.” Baba alitazama viatu vyake.

Alimkuta baba langoni akimsubiri. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, limepigwa pasi, viatu vinang’aa, na mkononi ana mkoba wake wa kazini. Kazi yenyewe alistaafu zamani.

“Safari ya wapi, baba?”

“Safari gani? Mtu haruhusiwi kuvaa?”

“Mama?”

“Amelala. Usimwamshe.”

Kila alipokuja mama alikuwa amelala. Spana aliweka sanduku la vifaa chini ya banda la bati, akafungua boneti.

Alizichomoa plagi zote nne, akazipanga juu ya kitambaa. Plagi kwa fundi ni kama ulimi kwa daktari: ukiiona unajua mgonjwa amekula nini. Hizi zilikuwa nyeusi tititi, zimevaa masizi makavu kama tako la sufuria. Alipangusa moja kwa kidole, masizi yakatoka kama unga. Kama injini ingekuwa inachoma oili, plagi zingekuwa na utelezi. Hii ilikuwa petroli nyingi, hewa kidogo. Injini inavimbiwa.

Lakini ivimbiwe na nini? Kichujio cha hewa alishabadilisha. Kabureta alishaifungua na kuisafisha mpaka mwenyewe akaionea wivu. Basi kosa halikuwa kwenye injini, lilikuwa kwa mtu.

“Baba, unaliendesha kwa siri.”

“Siliendeshi.”

“Baba!”

“Haki ya Mungu, siliendeshi.”

Njia ya mwongo ni fupi, na Spana aliamua kuipima. Alichutama kwenye gurudumu la nyuma. Kati ya tairi na nguzo ya banda palikuwa na utando wa buibui, mpana, mzima, na buibui mwenyewe ametulia katikati kama mwenye nyumba. Gari halikuwa limesogea hata shubiri. Akageuka. Ukuta ulioelekeana na bomba la moshi ulikuwa na doa jeusi kubwa kuliko sinia, bado bichi. Akaingia ndani ya gari, akakiona kifundo cha choki, kile kinachovutwa injini ikiwa baridi ili ipewe petroli zaidi. Kilikuwa kimevutwa mpaka mwisho, na kimesuguliwa na vidole mpaka rangi imetoka.

“Unaliwasha,” alisema polepole. “Unavuta choki, linanguruma hapo hapo, halafu unalizima. Kila siku. Kwa nini?”

Baba alifungua mdomo, na kabla hajajibu, sauti ya mama ikatoka ndani, ya mtu aliyeamka akakuta pageni.

“Jamani! Kuna mtu humu?”

Waliingia pamoja. Mama alikuwa ameketi kitandani, amekumbatia shuka kifuani. Alimtazama mumewe kuanzia viatu hadi kichwani.

“Mzee wangu, nakuomba utoke,” alisema kwa adabu, lakini sauti ilimtetemeka. “Mume wangu yuko njiani anarudi kazini. Asikukute chumbani mwangu.”

“Samahani sana, mama. Natoka.”

Alivyolisema neno hilo! Kama mtu aliyekwisha kulisema mara nyingi, akaligundua lisilomtisha. Alirudi nyuma taratibu, mikono ikionekana wazi. Spana alibaki kizingitini. Alijua mama anasahau sufuria jikoni, anasahau majina ya wajukuu. Hili hakulijua.

Nje, baba aliegemea gari.

“Asubuhi tunajuana. Jioni ananiogopa,” alisema. “Siku moja niliwasha gari, betri isife. Nikaingia, namkuta anatabasamu. ‘Umerudi?’ Mwanangu, nilikuwa sijaulizwa hivyo muda mrefu. Nikasema nimerudi. Basi tangu hapo narudi kila jioni.”

“Bila kwenda popote.”

“Bila kwenda popote. Jana halikuwaka. Nimelala jikoni kwenye kiti.”

“Mbona hukutuambia?”

“Mngemchukua. Au mngenichukua mimi.”

Mficha maradhi kilio humfichua, wahenga walisema, lakini wahenga hawakusema mficha huyo anaumia kiasi gani. Spana aliinamia injini, akajifanya anatafuta kitu, machozi yakadondokea betri. Aliona haya. Alikuwa amekuja mara zote zile kuangalia plagi, na chumba kile kiko hatua chache tu.

Kisha alichukua brashi ya waya, kwa sababu kulia hakuwashi gari.

“Sikiliza,” alisema akisugua. “Choki ni ya kuamshia tu. Injini ikipata moto unairudisha, gari linakwenda, linapumua, masizi yanaungua yenyewe. Wewe unamlisha, halafu unamlaza na tumbo lake.”

“Nikiirudisha mapema linazimika. Na mama yako anajua mlio wake. Ukikatika katika haamini.”

“Litazimika tu, injini bado ya baridi. Linataka barabara.” Alikaza plagi ya mwisho. “Ingia, baba. Nakupeleka kazini.”

“Kazi gani?”

“Utajua mwenyewe. Mtu hawezi kurudi kama hajatoka.”

Alimhamisha buibui kwa kijiti, kwa heshima zake zote. Mke Mwenza alikohoa, akakataa, akakohoa tena, akanguruma. Moshi mweusi ulitoka nyuma kama wa tanuri. Walivuka lango, Spana akiirudisha choki kidogo kidogo kadiri injini ilivyopata joto, na walipofika barabara kuu alikanyaga mafuta. Mtetemo uliisha. Kwenye kioo, moshi ulipungua, ukawa mwembamba, ukatoweka. Baba alikuwa ameupakata mkoba wake, dirisha wazi, upepo unampepea shati, na alikuwa anacheka peke yake.

“Kaka yako atasemaje?”

“Kaka niachie mimi. Gari haliondoki.”

Waliporudi, jua lilikuwa limeinama. Baba alinyoosha mkono mbele ya binti yake, akapiga honi mara mbili, kama alivyopiga maisha yake yote. Spana aliuacha mlio uendelee kidogo, laini, kabla hajazima.

Mama alikuwa tayari mlangoni, mikono kiunoni.

“Mwenzangu kakuachia leo?”

“Kaniachia, mke wangu. Nimerudi.”

“Umechelewa. Nilikuwa na wasiwasi, kuna mzee alikuja hapa.” Alimpokea mkoba, akamshika kiwiko, akakishikilia. Baba alifumba macho.

Ndipo mama akamwona Spana aliyesimama nyuma, mwenye masizi shavuni na hajui aingie au abaki.

“Na huyu binti aliyejipaka hivi ni wa nani?”

“Ni wetu,” baba alisema.

Mama alimsogelea. Kisha alimvuta karibu, akatia mate kwenye ncha ya shuka alilojifunga, akaanza kumfuta shavu, kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto anayetapatapa. Spana hakutapatapa.

“Kama ni wetu,” mama alimuuliza mumewe, bila kuacha kufuta, “mbona siku zote unarudi peke yako?”

Baba alimgeukia Spana. Hilo halikuwa lake kujibu.

“Kuanzia leo tutarudi wote, mama,” Spana alisema. “Kila jioni.”