Mdhamini kutoka Mpitimbi

Jovina alilisoma tangazo akiwa amesimama jikoni, mkono mmoja bado una unga. Chuo kimoja cha Uholanzi kilitafuta mtu aliyemaliza shahada ya uzamivu, anayemjua dumuzi, mdudu anayegeuza ghala la mahindi kuwa vumbi, akafanye utafiti huko miaka miwili. Uzamivu anao. Mtego wa dumuzi aliubuni mwenyewe katika maghala ya Maposeni. Alipiga vigelegele peke yake mpaka kuku wakatoka nje.

Aliyekosekana ni mdhamini wa kumwandikia barua ya kuishuhudia kazi yake. Msimamizi wake, Dakta Fulgence, alishafariki na kuzikwa kwao Mpitimbi. Lakini Jovina alishajiona ndani ya ndege, basi akaenda kaburini kumuaga, akammwagia kibuyu kizima cha pombe ya komoni.

"Kizima?" mama yake, Notburga, alishika kiuno. "We mwana! Tone ndilo la kuaga. Kibuyu kizima ni cha kumwita mtu."

Jumamosi Dakta Fulgence alibisha hodi, amevaa suti aliyozikwa nayo.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Jovina.

"Marahaba. Lete karatasi."

Kwanza alikula, maana alikuwa mgeni. Kisha aliandika kwamba mtego ule ni wa Jovina, na kwamba makala aliyoichapisha yeye Dakta kwa jina lake peke yake ilitokana na kazi ya binti huyu.

"Mbona hukusema ukiwa hai?" aliuliza Notburga.

"Nilikuwa nangoja cheo, mama."

Jovina alifurahi mno, hasira zikakosa pa kukaa. Walikwenda wote mjini kwa Alfani, aliyefungua duka la faksi tangu biashara ya watu binafsi iliporuhusiwa. Alfani alimuuliza marehemu kama huko aliko mvua zimeanza, akatuma karatasi. Wiki nzima Jovina alishinda dukani hapo, na kila mashine ilipolia alitamani kucheza ngoma ya lizombe katikati ya barabara. Alishanunua hadi sweta.

Jibu lilikuja likiwa na adabu zote. Chuo kilishukuru kwa maelezo ya Dakta Fulgence. Kifo chake hakikuwa kikwazo, kwa kuwa kanuni hazikukitaja. Ila makala ilishachapishwa na ina jina moja, na kilichochapishwa ndicho kinachotambulika. Kwa hiyo nafasi walimpa yeye Dakta, na tiketi ingefuata.

Dakta Fulgence aliisoma mara mbili huku akitabasamu. Alilijaribu lile sweta, likamtosha.

"Nikishafika nitawaeleza, Jovina," alisema. "Usiwe na wasiwasi."

Jioni Notburga alimkuta binti yake sakafuni, katikati ya majani makavu ya mgomba.

"Na wewe je, wamekwambiaje?"

"Nimfungie mitego vizuri," alisema Jovina, "isije ikavunjika njiani."