Mstari wa Shahidi

"Tia sahihi, mzee wangu, yaishe," alisema mkuu wa ofisi, akiisukuma barua kwa ncha ya kidole kama anayesogeza sahani iliyoingia nzi.

Tarishi alivaa miwani yake, ile yenye mkono mmoja na kamba upande wa pili, akasoma. *Mimi, tarishi wa ofisi ya vibali, bila kuagizwa na mtu, niliwatenga wageni na wenyeji kwa kuwakalisha wageni kwenye benchi lao. Naomba radhi.*

"Niliwatenga?"

"Dunia nzima imeona, baba."

Ni kweli, ilikuwa imeona. Wiki mbili nyuma alikuja mwandishi wa habari kutoka nchi ya mbali, mama mpole, na mpigapicha na mkalimani. Walifika saa mbili asubuhi, wakakuta wageni kumi wamekaa benchini chini ya dirisha, na wenyeji wamesimama foleni upande wa pili. Mama yule akauliza wa benchini ni wa kabila gani. Tarishi akajibu hajui, fomu haiulizi. Hapo mama akaandika ukurasa mzima.

Tarishi alimfafanulia kwa dakika kumi na moja, kwa mikono yote miwili na mguu mmoja. Fomu haimuulizi mtu amezaliwa na nani. Inamuuliza anaishi jirani na nani. Mgeni hukaa akamngoja jirani yake. Jirani huja mnamo saa nne, akishafungua duka au akishamlaza mtoto, akakaa ubavuni pake, akachovya kidole gumba kwenye wino, akawa shahidi.

"Ngoja saa nne, mama, utaona mwenyewe."

Saa nne mama na watu wake walikuwa uwanja wa ndege.

Kwenye taarifa tarishi alionekana kwa sekunde nne, mdomo unacheza, sauti ya mtu mwingine. *Nchi isiyothubutu kutaja makabila yake*, ilisema sauti ile, *imewatengea wageni benchi la peke yao.*

Sasa mkuu alijisugua macho. Alikuwa hajalala siku tatu. "Makao makuu wanataka jina. Wewe umebakiza miezi mitatu. Ukitia sahihi unastaafu kwa amani, na benchi linakatwa leo. Usipotia, wataniagiza nikufukuze. Usinitazame hivyo. Na mimi nina watoto."

Tarishi hakukasirika. Hasira inahitaji magoti mazuri, na yake yaliisha kwenye ngazi za ofisi hiyo. Aliichukua barua, akaigeuza huku na huku.

"Hapa chini pana mstari wa shahidi."

"Ah, karatasi zetu zote ndivyo zilivyo."

"Na utaratibu ni shahidi atangulie. Basi nikamtafute jirani."

Nje, saa nne ilikuwa imetimia. Benchi lilijaa wageni na majirani zao, mabega yakigusana. Mwisho wake, karibu na dirisha, palikuwa na mabonde mawili yaliyochimbwa na makalio ya miaka mingi. Watu walidai mvua ikinyesha bata huogelea humo, na waliodai wakaapa. Tarishi alijishusha kwenye bonde la kushoto. Alikwisha kulikalia, miaka thelathini na moja iliyopita, akiwa na kiatu kimoja na hana anayemjua. Hilo hakuna aliyewahi kumuuliza, si mkuu, si yule mama mpole. Siku ile fundi viatu mmoja alitoka kwenye foleni, akakaa kando yake. "Nikikuacha uende hivyo," alisema, "watadhani mimi ndiye fundi wako."

"Oya, nyota wa sinema! Siku hizi hata salamu hakuna?"

Ndiye fundi huyohuyo, mgongo umepinda, vidole vyeusi kwa rangi ya viatu. Alikuwa ametoka kumshuhudia muuza mkaa.

"Njoo, ndugu yangu, unitilie dole gumba hapa."

Fundi alijitupa kwenye bonde la kulia, akasoma kwa kuchezesha midomo. Akarudi mstari wa kwanza, akasoma tena.

"Hapa ulinitenga na nani?"

"Tia tu. Nimechoka."

"Naona." Alichovya gumba kwenye wino, akaliinua. "Mwaka ule ulikuwa na kiatu kimoja, nikatia bila kukujua. Leo una viwili, soli nimezishona mimi, na unataka nishuhudie uongo?"

"Watanifukuza."

Fundi hakukishusha kidole.

Vibarua wawili walifika na msumeno. "Wazee, samahanini. Tumetumwa kulikata hili."

"Ngojeni," alisema fundi. "Kuna karatasi haijaisha."

Mkuu alisimama dirishani, akatazama saa, akatazama kidole kile. Wino ulianza kukauka pembeni mwa ukucha. Barua ililala juu ya magoti ya tarishi, mistari yote miwili mitupu, upepo ukiinua kona yake na kuiachia.

Mwanamke mmoja wa benchini, mgeni wa jana, aliwatazama vibarua wamesimama juani, akasogea kidogo. Wakauweka msumeno chini. Wakakaa.